Hisa Mia Tisa na Arubaini

Hukumu imeahirishwa tena, hadi tarehe kumi na nne.
Shembilu amenisomea kwenye simu yake,
sebuleni kwangu, Barabara ya Kumi na Mbili,
huku akimenya chungwa la Muheza kwa kisu cha mkate.
Ganda halikatiki. Linashuka refu kama hati ya madai.

Hisa mia tisa na arubaini.
Nilizinunua kwa kiinua mgongo cha mkonge,
miaka ishirini na sita nikihesabu marobota ya wenyewe.
Dalali akanipigia kutoka Dar: "Mama, sasa nawe ni mwenye kampuni."
Mwenye kampuni! Nikaenda sokoni Mgandini
nikausimamia ule mnara wao, nikautazama hadi shingo ikauma,
nikijiuliza chuma kipi hasa ni changu.
Labda nati moja. Labda kutu.

Bei ilikuwa mia saba themanini.
Leo asubuhi, mia sita na tano.
Jana ilipanda kumi kwa uvumi kwamba jaji mmoja anaumwa,
na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi kidogo.

Shauri lenyewe nalielewa hivi:
kampuni yetu imeshika mlango, na dirisha, na ua,
na wakala akithubutu kupokea malipo ya mtandao mwingine
kamisheni yake inakauka.
Baraza likisema si halali, tutapasuliwa:
simu huku, pesa kule,
nasi wanahisa tugawiwe vipande kama nyama ya hitima.
Mawakili wetu wanasema ukubwa si kosa.
Kweli. Lakini tembo ukimkuta ndani ya mihogo
humuulizi uzito.

Usiku nilifungua daftari langu la mistari ya buluu.
Kuingia: gawio la mwaka jana, elfu thelathini na saba mia sita.
Kutoka: makato. Nimeyajumlisha yote,
ya umeme, ya ada ya mjukuu Korogwe,
ya dawa za presha za dada yangu Pangani:
elfu arubaini na moja na mia mbili.
Nikapiga mstari chini mara mbili, kama nilivyofundishwa.
Kumbe gawio ni makato yangu mwenyewe,
yamekwenda Dar, yamekula chakula cha mchana,
yamerudi yamekonda.

Shembilu alikuwa na kampuni yake. Watu wanne na feni moja,
ghorofani kwa fundi baiskeli, njia ya Mabanda ya Papa.
Wauza samaki walilipana kwake kwa senti tu.
Halafu ujumbe wa uthibitisho ukaanza kuchelewa:
dakika tano, saa nzima, kesho yake.
Samaki hangoji ujumbe.
Feni niliinunua mimi. Ile pale konani,
inalia kila inapogeukia kushoto.

Yeye ni shahidi wa tisa.
Hajaniuliza nina hisa za nani.
Sijamwambia ni ngapi.

Dalali kapiga tena: "Uza leo, mama. Au ngoja,
huenda vipande viwili vikazidi mkate mzima."
Maana yake hajui.
Nikamwambia nitampigia baada ya adhuhuri.
Sasa wanaadhini alasiri.

"Shangazi," anasema Shembilu, mdomo umejaa chungwa,
"tarehe kumi na nne nataka niwepo mwenyewe, nisikie wakisoma.
Nauli utanikopesha?"

Noti sina. Hela yangu yote imo ndani ya simu.
Ameketi hatua mbili kutoka kwangu, goti lake karibu liguse meza,
na nimemtumia kupitia mnara ule nyuma ya soko.
Simu yake ikalia. Akacheka. Yangu ikalia.
Makato: shilingi mia saba sitini.

Nimeyaandika daftarini.
Kalamu ilisimama kwanza.
Sikujua upande gani.